Simu ya laini mbili ugenini: inapogoma, anzia hapa

Malalamiko ya wasafiri wenye simu za laini mbili ni yaleyale. "Nimetua, mtandao umejaa, intaneti hamna." "Benki inasema imetuma namba, mimi sioni kitu." "Salio limekwisha na sijampigia mtu." Mara nyingi simu yenyewe ni nzima. Shida ni kwamba mwenyewe anadhani ana simu moja, kumbe ana mbili zinazoishi ndani ya kava moja, na kila laini ina swichi zake: ya kuiwasha, ya data, ya romingi (kutumia mtandao wa kampuni nyingine ukiwa ugenini), na APN yake, yaani jina la mlango wake wa intaneti. Ukigusa swichi ya laini moja, nyingine haina habari.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, jibu maswali matatu. Laini ipi inabeba data? Ipi inapiga simu? Ipi inatuma SMS? Majibu yako kwenye mipangilio, sehemu ya SIM, na si lazima yafanane. Ukiwa hapo, zibadilishe majina. Simu huziita SIM 1 na SIM 2, majina ambayo hayakumbukwi na mtu aliyechoka. Moja iite Nyumbani, nyingine Safari. Nami nitaziita hivyo humu. Niliwahi kukaa sakafuni kwenye uwanja wa ndege, kando ya soketi, dakika arobaini nzima nikirekebisha APN ya SIM 2, na data ilikuwa kwenye SIM 1 muda wote.

La pili: washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, kisha izime. Ikishindikana, zima simu kabisa na uiwashe. Halafu ngoja. Laini inapofika nchi mpya, mtandao wa huko lazima kwanza uulize kampuni iliyoitoa kama mteja huyu anaruhusiwa, na jibu linaweza kuchukua dakika kadhaa. Wengi huanza kubomoa mipangilio ndani ya dakika hizo.

Vijiti vya mtandao vimejaa, intaneti haifunguki

Hili ndilo linaloongoza. Sababu zake, kuanzia ya kawaida zaidi:

*Data iko kwenye laini isiyo yake.* Umeweka eSIM mpya (laini ya kupakuliwa, isiyo na plastiki), umeona imeshika mtandao, ukaridhika. Lakini simu bado inajaribu kutumia data ya Nyumbani. Ingia kwenye mipangilio ya SIM, uchague Safari kuwa laini ya data.

*Romingi imezimwa kwenye Safari.* Hapa wengi hukwama, na hawana makosa, kwa sababu wameambiwa miaka yote kwamba ukisafiri uzime romingi. Ushauri huo ni wa laini ya Nyumbani. eSIM nyingi za safari hazitolewi na kampuni ya nchi unayokwenda. Zinatolewa na kampuni ya nchi ya tatu, kwa hiyo popote unapozitumia ni wageni. Kitufe kilichoandikwa Data Roaming kikiwa kimezimwa, eSIM hiyo itashika mnara bila kupewa hata kilobaiti moja. Kiwashe kwenye Safari, kiache kimezimwa kwenye Nyumbani. Laini ya plastiki uliyonunua nchini humohumo haina haja ya romingi.

Ugeni huo wa eSIM unaeleza pia jambo jingine linalowatisha watu: tovuti zinakuja kwa lugha ya nchi ambayo hujakanyaga. Si virusi. Data yako inapita kwanza kwa aliyetoa laini, ndipo inatokea kwenye intaneti, na tovuti inaamini uko huko.

*Bando halijaanza, limekwisha, au halifiki ulipo.* Kuna bando zinazoanza kuhesabu siku unapoziweka kwenye simu, na nyingine zinaanza laini inaposhika mtandao kwa mara ya kwanza. Aliyeweka ya aina ya kwanza wiki moja kabla ya safari anatua na bando lililokwisha nusu. Mipaka nayo ina mitego. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za ziada za romingi kati ya nchi wanachama mwezi Juni 2017, kwa laini zilizotolewa humo. Uswisi haimo, na Uingereza ilitoka mwishoni mwa 2020. Mtu anapanda treni na bando lililoandikwa "Ulaya", anavuka mpaka wa Uswisi, intaneti inakata, naye anailaumu simu. Soma orodha ya nchi. Jina la bara halikuhakikishii kitu.

*APN haipo au imekosewa.* APN ni jina la mlango ambao data yako inatokea. Laini nyingi hulijaza zenyewe; zisizolijaza, aliyekuuzia huliandika kwenye maelekezo. Hakikisha umefungua APN ya Safari, kisha uandike jina kama lilivyo, bila nafasi mwishoni. Ile nafasi moja inayoongezwa na kibodi baada ya neno huwezi kuiona, lakini inatosha kukunyima intaneti.

*VPN au DNS binafsi.* VPN hupitisha data yako kwenye seva ya kwingine; DNS binafsi ni huduma uliyojichagulia ya kutafuta anwani za tovuti. Zima zote mbili kwa muda, ujaribu tena. Ukiwa China bara jambo ni tofauti kidogo: Google na WhatsApp zimezuiwa kwenye mitandao ya huko, kwa hiyo laini ya Kichina inaweza kuwa nzima kabisa na WhatsApp isifunguke. Laini ya nje iliyo kwenye romingi kwa kawaida huzifungua, kwa sababu data yake inatokea kwingine.

*Simu imeng'ang'ania mtandao usiokupokea.* Fungua sehemu ya kuchagua mtandao, ondoa chaguo la otomatiki, ngoja orodha ijae, uchague kampuni iliyotajwa kwenye maelekezo ya laini yako. Ikigoma, jaribu inayofuata. Ukimaliza safari rudisha otomatiki, la sivyo utafika kwenu simu ikiendelea kuutafuta mtandao wa ng'ambo.

Umefanya yote na bado? Simama hapo, umwandikie muuzaji kwa Wi-Fi, umpe picha za skrini za romingi, APN na jina la mtandao ulioshika. Usifute eSIM ili "uiweke upya". Nyingi huwekwa mara moja tu, na ukiifuta umeitupa pamoja na bando lake.

Namba za uthibitisho haziji kwenye laini ya Nyumbani

Ukikosa intaneti unakosa ramani. Ukikosa SMS ya benki unakosa pesa, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kuzima data ya romingi hakuzuii SMS. SMS hazipiti kwenye data, na kampuni nyingi hazitozi kuzipokea ukiwa nje. Mpangilio salama basi ni huu: laini ya Nyumbani imewashwa, data yake imezimwa, romingi yake ya data imezimwa. Inakaa macho kupokea SMS na haifanyi kingine. Wapo wanaoizima laini nzima kwa kuogopa gharama, halafu wanashangaa benki imenyamaza.

Kama imewashwa na SMS haziji, tazama jina la mtandao kando ya laini ya Nyumbani. Likiwa "hakuna huduma" au "simu za dharura tu", sababu ya kwanza ni kwamba huduma ya romingi haijafunguliwa na kampuni yako. Hiyo ni tofauti na kitufe cha kwenye simu: kitufe ni chako, ruhusa ni ya kampuni. Kampuni nyingine huifungua kwa ombi tu, na baadhi hutaka ombi hilo lifanywe kabla hujavuka mpaka. Ukiwa tayari uko nje, tumia Wi-Fi: programu ya kampuni, barua pepe, au ukurasa wao wa huduma kwa wateja. Jaribu pia kuchagua mtandao kwa mkono, maana kampuni yako inaweza kuwa na mkataba na mtandao mmoja tu kati ya mitatu au minne iliyopo nchini humo.

Sababu ya pili ni salio. Baadhi ya laini za malipo ya kabla haziandikishwi kwenye romingi zikiwa hazina kitu. Ongeza kiasi kidogo, zima na uwashe.

Ya tatu ni ya kizazi cha mtandao. Mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G mwaka 2022, na ya Australia ikamaliza mwaka 2024. Huko, sauti inapita kwenye 4G kwa utaratibu unaoitwa VoLTE, na unahitaji simu yako, kampuni yako na mtandao wa huko vikubaliane. Vikishindwa, laini ya Nyumbani inaweza kuonyesha 4G, na simu zisiingie, wakati mwingine hata SMS. Angalia kama VoLTE imewashwa kwenye laini hiyo. Kama kampuni yako haitoi VoLTE nje ya nchi, hakuna swichi itakayokusaidia. Hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki au programu ya kuzalisha namba, na ufanye hivyo kabla ya safari. Programu hizo huzalisha namba kwa kufuata saa ya simu, kwa hiyo acha saa ijirekebishe yenyewe. Aliyeisogeza kwa mkono ili ilingane na saa ya ugenini bila kubadilisha saa za eneo (time zone), namba zake zote zitakataliwa.

Ya nne ni Wi-Fi. Kama kampuni yako ina huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi, iwashe kwenye laini ya Nyumbani. Katika simu nyingi, simu na SMS za laini hiyo huingia hata pasipo mnara. Wengine wana dawa hii mfukoni na hawajui.

Na ile menyu ya pesa za simu? Zile zinazofunguka kwa kupiga nyota na reli husafiri kwa USSD, na USSD haivuki kila mpaka, hata pale SMS zinapopita. Angalia kwanza kama unapiga kwa laini ya Nyumbani, kwa sababu simu huchagua laini ya kawaida ya kupigia, ambayo pengine umeifanya Safari. Ikikataa, tumia programu ya huduma hiyo kwa data ya Safari. Programu nyingi za aina hiyo hutuma SMS ya siri kutoka kwenye laini yako ili kuthibitisha ni wewe. Laini ya kutuma SMS ikiwa Safari, uthibitisho utagoma kila mara. Iweke Nyumbani kwa muda.

Hoja ya kusimama mara moja: ukidaiwa PIN ya laini na huikumbuki, usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia. Ukikosea PUK mara 10 laini inakufa moja kwa moja, na mbadala wake hutolewa na kampuni iliyoitoa, ambayo iko mbali nawe. PUK iko kwenye kadi uliyobandua laini, au huduma kwa wateja watakupa baada ya kukuhoji.

Salio la Nyumbani linayeyuka

Mtuhumiwa wa kwanza ni kitufe cha kubadilisha data kiotomatiki. Simu nyingi za laini mbili zina chaguo linaloruhusu laini ya pili ichukue data pale ya kwanza inapolegea. Mtu ukiwa kwenu, ni msaada. Ugenini, Safari inapoteza mnara ndani ya handaki na Nyumbani inaingia kazini kwa bei ya romingi bila kukuuliza. Kizime. Romingi ya data ya Nyumbani nayo ikiwa imezimwa, una kufuli mbili mlangoni.

Wa pili ni simu usizozipokea. Hili huwashangaza watu, na ndilo lililonitoa mimi jasho nilipoona matumizi yangu mara ya kwanza. Mtu anakupigia kwenye namba ya Nyumbani. Kampuni yako inaituma simu hiyo hadi nchi uliko. Hupokei. Kama umewekewa ujumbe wa sauti, simu inarudishwa tena hadi kwenu kuhifadhiwa. Safari mbili za kimataifa, na kampuni nyingine hukutoza zote, hata kama simu ilikuwa mfukoni imezimwa sauti. Dawa ni kufuta uhamishaji wa simu: piga ##004# kwa laini ya Nyumbani, au ##002# kufuta kila aina. Fanya hivyo kabla ya kuondoka.

Kupokea nako hulipiwa katika romingi nyingi. Watu wako waambie wakupigie WhatsApp.

Wa tatu ni iPhone. Inapogundua laini mpya au mabadiliko ya laini, hutuma SMS ya kimataifa kimyakimya kuthibitisha iMessage na FaceTime, huduma za Apple za ujumbe na simu, na unaweza kutozwa. Kiasi ni kidogo, lakini ikirudia kila ukizima na kuwasha, utaiona.

Wa nne hutokea mara chache, ila anauma kuliko wote: meli na ndege. Vyombo hivyo huwa na minara yao midogo inayounganishwa na setilaiti. Simu ikiipata itaishika kama mtandao mwingine wowote, na bando lako la nchi halihusiki. Kitu pekee kinachoaminika humo ni hali ya ndegeni, tangu kupanda hadi kushuka. Mijini karibu na mipaka fanya jambo jingine: chagua mtandao kwa mkono, maana mnara wa nchi jirani ukiwa na nguvu zaidi, simu itauhamia ukiwa umelala.

Ukiongea na laini moja, nyingine haipatikani

Huu si ubovu. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja ya kuongea, zikiisubirisha kila laini kwa zamu. Laini zote mbili husikiliza, lakini simu ikipokelewa kwenye moja, nyingine inatoka hewani mpaka umalize, na anayekupigia anaambiwa hupatikani. Mshika mbili moja humponyoka. Intaneti pia: ukipokea simu kwa Nyumbani, data ya Safari inaweza kukatika katikati ya ramani.

Njia ya kupunguza ni kuwasha simu za Wi-Fi kwenye laini zote mbili kama kampuni zinaruhusu. Baadhi ya simu huweza kupitisha simu ya laini moja kwenye data ya laini nyingine. Zisizoweza, zungumza kwa WhatsApp juu ya data ya Safari, laini ya Nyumbani ibaki huru.

"Hakuna huduma" kwenye laini mpya uliyonunua huko

Kama ni laini ya plastiki ya nchi hiyo, sababu ya kwanza ni usajili. Nchi nyingi zinataka pasipoti isajiliwe kwanza, na laini hufunguka baada ya dakika au saa kadhaa. Usiondoke mbele ya muuzaji kabla hujafungua ukurasa mmoja wa intaneti kwa macho yako.

Ya pili: simu imefungwa kwa kampuni iliyokuuzia. Ukiona ujumbe kwamba SIM haikubaliki, ndiyo hiyo. Kwenye iPhone, sehemu ya maelezo ya simu kuna mstari unaosema kama kuna kizuizi cha SIM au hakuna. Jaribio jepesi kwa simu yoyote ni kuweka laini ya kampuni nyingine ukiwa bado nyumbani. Anayefungua ni kampuni iliyoifunga. Mpita njia anayejitolea kuifungua kwa kompyuta yake mwambie asante, uendelee na safari.

Ya tatu ni masafa. Mitandao ya Ulaya huegemea sana 800, 1800 na 2600 MHz. Ya Marekani ina masafa yake ya 600, 700, 850 na 1900. Simu iliyotengenezwa kwa soko moja inaweza kukosa masafa muhimu ya jingine, ikashika vizuri mjini na kufa ukitoka kilomita chache. Tafuta orodha ya masafa ya toleo lako kamili, kwa sababu jina moja la simu huwa na matoleo kadhaa.

Nadra zaidi, lakini ipo: sheria ya IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Uturuki huruhusu simu ya kigeni kutumia laini ya huko kwa siku 120, kisha simu hiyo huzimwa kwenye mitandao yao mpaka isajiliwe na kulipiwa. Kuna nchi nyingine zenye utaratibu wa aina hiyo. Dalili yake ni kwamba laini zote za ndani zinakufa kwa pamoja, huku eSIM yako ya nje ikiendelea kama kawaida. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Piga *#06# uziandike zote. Yeyote atakayejitolea kukubadilishia IMEI anakuuzia kesi. Ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

eSIM haiingii

Hakuna Wi-Fi, hilo la kwanza. Unahitaji intaneti ili kupakua laini itakayokupa intaneti, na watu hukumbuka hilo wakiwa wameshatua. Iweke kabla ya kuondoka.

La pili: QR iko kwenye skrini ya simu ileile inayotakiwa kuiskani. Ifungue kwenye kompyuta au simu ya mwenzako. Kama huna, chagua kujaza kwa mkono na unakili anwani ya seva na namba ya kuwashia, ambazo huja kwenye barua pepe moja na QR.

La tatu: QR imeshatumika. Ulijaribu jana, ukaona ujumbe wa kosa, lakini laini ilikuwa imeshashuka. Tazama kwenye orodha ya SIM. Huenda ipo, imezimwa tu.

La nne: simu yenyewe haina eSIM. Ukipiga *#06# na usione namba ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID, karibu hakika haina. Usiamini jina la toleo peke yake: iPhone nyingi zilizouzwa China bara zina nafasi mbili za plastiki na hazina eSIM kabisa, wakati zilizouzwa Marekani tangu iPhone 14, mwaka 2022, hazina hata tundu la plastiki. Mwenye hiyo ya pili, asitegemee laini za vibandani.

Simu inapigwa kwa mtu mwingine, au haiendi

Namba zilizoanza na sifuri. Ukipiga kwa laini ya Safari, mtandao wa huko unaiona kama namba ya ndani. Hifadhi kila namba kwa alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo. Siku moja ya kazi hiyo, hutarudia tena.

WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba baada ya kuona laini mpya, kataa. Inaendelea na namba ya Nyumbani juu ya data ya laini yoyote.

Simu inasema hakuna SIM

Toa trei, uiangalie kwenye mwanga. Laini ndogo ya nano ina unene wa milimita 0.67. Zile kubwa za zamani zina 0.76. Tofauti hiyo huioni kwa jicho, lakini laini iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kubwa inaingia kwa kubana, inakwaruza vijipini vya ndani, au inabaki humo trei inapotoka. Ukingo wake huwa na nywele za plastiki. Ukiupitisha kidole utazisikia. Laini kama hiyo ibadilishwe kabla ya safari.

Angalia pia kama trei ni ya kuchangia, ambapo nafasi ya pili ni ya laini au ya kadi ya kumbukumbu, si vyote. Kisha futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, uirudishe, ujaribu laini hiyo kwenye simu nyingine. Laini ikifanya kazi kule, tatizo ni simu.

Simama na utafute fundi mwenye sifa kama trei imekwama, kama adapta (fremu ya kukuzia laini ndogo) imebaki ndani, kama simu iliingia maji, au kama *#06# haionyeshi IMEI yoyote. Hilo la mwisho ni la bodi au programu ya redio, na kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakutalitibu. Kunaweza tu kukufutia eSIM zako na picha zako pamoja nazo. Na kibanio cha nywele si pini ya trei. Kwenye simu nyingi tundu la maikrofoni liko karibu na la trei na yanafanana.

Betri inakwisha mchana

Laini mbili zinazotafuta mnara hunywa chaji. Inayotafuta bila kupata hunywa zaidi. Kama Nyumbani haishiki mtandao ulipo, izime hadi utakapohitaji SMS.

Laini ya Nyumbani imekufa ghafla, na Safari ni nzima

Ilikuwa inashika vizuri, hujahama mji, mara "hakuna huduma". Zima na uwashe, chagua mtandao kwa mkono, jaribu. Ikiwa imegoma, na hasa kama ulikuwa umeona SMS za namba za uthibitisho usizoomba, au barua pepe kwamba laini yako imebadilishwa, acha kutafuta kosa kwenye simu. Huenda mtu amejitambulisha kwa jina lako na kupewa laini mpya yenye namba yako. Kwa data ya Safari, wasiliana na benki kwanza ifunge akaunti na huduma ya pesa, kisha kampuni ya simu ifunge namba, halafu badilisha nywila ya barua pepe. Namba za simu za hao wote ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na pasipoti.